Skrini ya Tano

Skrini ya tano katika kumi na mbili:
hapo watu hushusha pumzi, wakabonyeza.
Niliichora mimi, Ruwi, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la vitambaa, mwezi wa Julai,
kiyoyozi kikikohoa kama mtu mwenye neno.

Mstatili mmoja mrefu, wa kijivu: ndiyo diski.
Chini yake maneno niliyoyaona mepesi,
*Tumia diski yote*,
na kitufe cha kijani: *Endelea*.

Sleyum Hamduni, mshona kanzu wa mtaa wa nyuma,
alikubali kutujaribia.
Miwani puani, sindano mbili zimechomwa kifuani,
akasoma kwa sauti, "Tumia diski yote,"
akacheka. "Sasa mwanangu, nitumie nusu nimfichie nani?"
Akaendelea.

Miaka kumi na mmoja ya shingo na mabega,
urefu wa mikono ya watu wa Samail na Izki,
bwana harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya siku yake,
na yule marehemu ambaye mwanawe bado huja
kusema, "Nishonee kwa kipimo cha baba":
vyote vikaondoka bila kishindo.
Mstari wa kijani ukajaa mpaka mwisho.
Mashine ikatuambia, *Hongera*.

Hakunigombeza.
Alivua utepe shingoni mwake, akatafuta kalamu.
"Simama nikupime," akasema.
"Lazima nianze na mtu."

Usiku ule niliyarudia maneno.
*Kizigeu*: wenzangu walilipenda, lina sura ya kamusi.
Lakini nani amewahi kumwambia mwanawe,
kachukue chai nyuma ya kizigeu?
Kwetu Mabela palikuwa na pazia tu,
la maua ya buluu, baina ya wageni na vyungu vya mama,
na hakuna mgeni aliyehitaji kufundishwa
kwamba nyuma ya pazia mna watu.

Hilo ndilo nililolisahau. Mna watu.
Nilikichora kiwanja kitupu
mahali palipokuwa na nyumba, taa zinawaka.

Basi nikaufuta ule ukijivu.
Mstatili sasa unataja wakazi wake:
hapa picha elfu nne, hapa hesabu za duka,
hapa folda iitwayo Vipimo, iliguswa jana.
Chaguo la kwanza: *Kaa kando ya vilivyopo.*
Mpaka unavutwa kwa kidole, huku na huku, kama pazia,
na haukubali kupita juu ya kitu chenye jina.
Kufuta kumo, lakini nimekishusha chini,
na kitufe chake nimekinyima adabu ya uongo:
hakisemi Endelea. Kinasema *Futa*.
Na wajuzi wanaotaka kukata wenyewe
nimewaachia mlango wao pembeni.

Ghaniya, msimamizi wetu, alikunja uso.
"Maneno mengi. Watu hawasomi."
Nikamjibu, "Sleyum alisoma.
Alisoma kila neno. Sisi ndio tulioandika jingine."
Alinyamaza, akaniombea wiki mbili kwa wakubwa.

Wiki ya pili ikamleta mzee wangu wa utepe,
safari hii na diski kuukuu ya mpwawe, kwa tahadhari.
Skrini ya tano: akaganda.
Chai ya maziwa ikaota ngozi.
Kidole kikatembea juu ya mstatili, bila kugusa kioo,
mpaka kwenye kipande chembamba cha mwisho.
"Na hiki?"
"Akiba. Mashine ikiugua, itajitibu kutoka hapo."
"Aa. Upindo," akasema.
"Kitambaa unachokikunja ndani kwa ajili ya mwili wa kesho."

Nililiandika neno hilo kwenye kiganja.

Nilimsubiri abonyeze.
Hakubonyeza. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza,
akavua miwani, akashuka ngazi polepole,
akaniacha na skrini iliyokuwa ikimngoja yeye,
na ule mstari mdogo wa chini
niliougombania kuliko yote:
*Hakuna kilichoguswa bado.*